Mafuta Asilimia Tisa Nukta Nne

Jumatatu, 3 Machi

Naanzia nyuma ya daftari la mbuzi. Mbele ni mali ya kikundi – nani kakamua kiasi gani, mbuzi gani kapandishwa, yupi anaharisha. Nyuma ni kwangu. Mama mkwe hasomi bila miwani, na miwani yake inakaa kabatini ikingoja wageni. Niko salama.

Leo mkutano. Bwana Mifugo kaja na boksi la chupa ndogo ishirini na mbili, moja kwa kila nyumba yenye mbuzi wa mradi. Wanataka kupima ubora wa maziwa yetu. Mafuta, protini, na mengine aliyoyataja haraka nikashindwa kuandika. Mbuzi waliletwa kwa ajili ya watoto, anasema, sasa wakubwa wanataka kujua watoto wanakunywa nini hasa. Akaeleza mara tatu: kamua mpaka mwisho, koroga maziwa yote ndooni, ndipo ujaze chupa. Koroga! Watu wakaitikia kama darasa la kwanza.

Alipotupa mgongo tu, Mama akasimama. Yeye ndiye mwenyekiti. Mimi mkwewe ni katibu, kwa sababu ya mwandiko. Akasema mgeni hapewi ukoko. Kila anayekamua anajua maziwa ya mwanzo ni mepesi. Yale ya kumalizia, unayoyabembeleza chuchu zikishalegea, ndiyo mazito. Basi hayo ndiyo ya kutia chupani. Tena si udanganyifu, akasema, kwani ni ya mbuzi wa jirani? Ni ya mbuzi wetu, tunamchagulia mgeni kilicho bora. Makofi. Nami kwenye kumbukumbu nikaandika: "Mwenyekiti alisisitiza usafi."

Jumanne, 4 Machi

Kliniki. Bonge kilo saba na gramu mia nane. Miezi kumi na mitatu.

Hilo jina kampa baba yake siku ya kuzaliwa, mashavu yalikuwa hayo! Mashavu yakaenda zake, jina likabaki. Tangu ile homa yangu ya mwaka jana ziwa lilikauka, na mtoto hajawahi kunirudia vizuri.

Muuguzi kaweka nukta kwenye kadi, chini ya mstari. Hakunisema. Kanipa pakiti nne za unga wa lishe, akauliza kama maziwa ya mbuzi anapata. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, nikamwambia. Akasema vizuri sana, ila maziwa peke yake hayatoshi, kuna vitu vya kuongeza damu ambavyo maziwa ya mbuzi hayana vya kutosha. Unga na maziwa, vyote viwili, ndivyo vitakavyompandisha. Naandika nisisahau: vyote viwili.

Jumatano, 5 Machi

Nimekusanya chupa. Malkia (mbuzi wetu, na anajijua) amekamuliwa Mama akiwa amenisimamia kichwani. Bado... bado... bado... haya, sasa! Kumalizia kote kukaingia chupani. Kwa kawaida hayo ndiyo ya chai yake. Leo kanywa chai kavu kwa ajili ya maendeleo.

Chupa ya Kijiko – tunamwita hivyo kwa kuwa hakuna jambo asilolikoroga – ilikuwa na kitu cha njano kinaelea. Nikamuuliza. Eti mbuzi wake anakula vizuri. Mbuzi gani anatoa siagi yenye chumvi? Akaichokoa kwa kidole, akalamba kidole, akafunga chupa.

Bwana Mifugo akauliza: mlikoroga? Tulikoroga! Akanitazama mimi, katibu. Tulikoroga, nikasema. Mimi ambaye asubuhi hata chai sikuikoroga.

Alhamisi, 27 Machi

Majibu yamekuja, kwenye cheti chenye muhuri. Mafuta asilimia tisa nukta nne.

Bwana Mifugo kasoma, akasoma tena. Mbuzi wa kwingine, akasema, ni nne, nne na kidogo, wakijitahidi sana tano. Akakuna kidevu. Nikajisemea, haya, leo ndiyo leo. Nikaanza kutafuta pa kuangalia.

Kisha akasema labda ni majani yenu.

Mama akadakia: majani! Babu zetu walisema haya majani! Hakuna babu aliyewahi kusema neno kuhusu majani, lakini ndani ya dakika kumi kila mtu alikuwa na babu wake. Bwana Mifugo akaandika: "Malisho ya kipekee." Mama katoa miwani kabatini. Cheti kimepita mkono kwa mkono mpaka kikarudi na alama ya kidole cha Kijiko.

Jumapili, 30 Machi

Yaani nikiandika haya siamini.

Cheti kiko ukutani sebuleni, kimewekwa kioo. Leo baada ya chakula Mama kakaa chini yake, akakohoa kikohozi cha mwenyekiti. Amefikiri sana, anasema. Maziwa yenye nguvu hivi si ya kumpa mtoto hivihivi. Tisa! Tumbo la mtoto ni jepesi, litaungua. Kuanzia leo Bonge: sehemu moja ya maziwa, sehemu mbili za maji.

Nikasema, Mama, si ni yaleyale ya juzi? Juzi tulikuwa hatujui, anajibu.

Nikajikaza. Nikamwambia kwa upole, macho chini, kwamba yale ya chupani yalikuwa ya kumalizia tu, Mama mwenyewe unakumbuka. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia kichaa wa sokoni.

"Mwanangu, hicho cheti kimeandikwa na mtaalamu. Wewe umesomea wapi?"

Angekuwa anadanganya ningejua pa kumshika. Lakini anaamini! Kauweka uongo mwenyewe, kauona umerudi umevaa muhuri, kausalimia kwa heshima. Na kabla jua halijazama agizo limefika nyumba zote ishirini na mbili. Kijiko kalipeleka.

Jumanne, 8 Aprili

Kilo saba na gramu mia saba. Imeshuka.

Nikanyoosha mkono nipokee unga. Muuguzi hakunyoosha wake. Akafungua droo, akanionyesha barua. Kijiji chetu kimeondolewa kwenye orodha ya unga wa lishe, "kutokana na ubora wa hali ya juu wa maziwa yanayopatikana." Unga wetu umepelekwa kijiji cha ng'ambo, kule wenye maziwa ya asilimia nne.

Nimekaa kwenye benchi. Muuguzi akasema taratibu kwamba kama kuna takwimu haiko sawa, aliyeiandika ndiye wa kusema, yeye hawezi kubishana na maabara kwa maneno ya kusikia. Akanitazama. Chupa zote zina mwandiko wangu. Ningeweza kusema palepale. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Kijiko, kaegemea bega langu asikie vizuri. Nikasema, nitaona.

Nitaona nini? Mjinga mimi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwambia Baba Bonge. Alikuwa barazani kwenye cherehani yake, akanisikiliza bila kuondoa mguu kwenye pedeli. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno.

Akasema mama yake hajawahi kupata cheti maishani. Hata cha ubatizo. Subiri wageni wa mradi, wanaokuja mwezi ujao kuona hayo maziwa, waje waende, kisha tutazungumza naye.

Si mtu mbaya. Ila kwa mama yake huwa anakuwa na miaka tisa. Na mimi hilo la cheti lilinichoma, siwezi kusema uongo. Mama kanifundisha kukamua. Nilipougua alinilisha kwa mkono wake, siku kumi na nne. Ningeishi na mwingine ningekuwa nimeshapiga kelele zamani.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeamua kuiba. Ndiyo, kumwibia Malkia kwa ajili ya mwanangu. Jana nilichota kikopo kabla ndoo haijafika jikoni, nikayachemsha nyuma ya banda kwa vijiti, nikampa Bonge yenyewe, bila maji. Alikunywa mpaka akasinzia kikopo kikiwa mdomoni. Nikafurahi peke yangu.

Leo asubuhi kaharisha na kutapika. Tumbo limezoea maji, au alikuwa na mafua tu, sijui. Mama kaona tapishi jeupe, hakuuliza mara mbili. Hakunifokea. Angalau angenifokea! Kanishika bega, akasema, umeona sasa, mwanangu? Mafuta hayo.

Kuanzia leo anakamua mwenyewe, na kikombe cha Bonge anakichanganya mwenyewe. Ukaidi wangu umempa ushahidi. Na leo kaongeza maji, sehemu tatu.

Ijumaa, 25 Aprili

Wageni wanakuja katikati ya Mei. Bango limefika, refu kuliko nyumba: KIJIJI CHA MFANO – MAZIWA BORA, WATOTO BORA. Baba Bonge kapewa kazi ya kushona pindo.

Mpiga picha wa mradi kaja leo kupiga picha za hao watoto bora. Tukawapanga mbele ya banda. Akatazama kwenye kamera, akashusha kamera, akatutazama sisi. Hakuna wengine? Watoto wa nyumba ishirini na mbili walikuwa pale, shingo nyembamba, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Kijiko akakimbia, akarudi na mtoto wa mwenye duka. Huyo ni mtoto kweli! Mikono ina pingili. Kwao hawana mbuzi, anakunywa maziwa ya unga ya kopo na mayai kila siku. Akapakatishwa kwa Mama, akapewa kikombe cha maziwa ya Malkia ashike.

Hakuyapenda, alilia. Wakampiga picha akiwa anavuta pumzi.

Bonge aliambiwa abaki jikoni, ana makamasi. Bonge hana makamasi. Nilikaa naye huko, nikamkata kucha.

Jumanne, 6 Mei

Saba na gramu mia mbili.

Muuguzi kapima mara mbili. Akabonyeza mguu wa Bonge kwa kidole, akatazama ndani ya kope. Damu pia imepungua. Wiki mbili, anasema, asipopanda nampeleka wodini kwenye hospitali kubwa, na usinijie na habari za wageni.

Bonge hakulia kwenye mizani. Zamani alikuwa anapigana na ile mizani.

Jumatano, 7 Mei

Nimemfuata Bwana Mifugo, nimemkuta anaosha pikipiki. Nimemwambia yote kwa pumzi moja: ukoko, maziwa ya kumalizia, siagi, mwandiko wangu. Hakushtuka hata kidogo.

"Mama Bonge, mimi nimesomea mifugo. Mbuzi wa asilimia tisa nilijua hayupo."

Kumbe! Basi kwa nini? Akasuuza kitambaa. Bosi wake aliipenda takwimu, bosi wa bosi akaipenda zaidi, na yeye jina lake limependekezwa kwenda masomoni. Kisha akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti akina mama kama mimi ndio nguzo, eti katibu mwenye mwandiko kama huu hajapata kumwona.

Nikamwambia mtoto wangu anaisha. Hapo ndipo akaacha kuosha. Akasema sauti ya chini kwamba hao wageni wanakuja na mtaalamu wa lishe, mwenye kimashine cha kupima papo hapo. Awamu hii hawapimi mbuzi. Wanaingia majumbani, wanapima kile kilicho kwenye kikombe cha mtoto. Subiri, akasema, watajionea wenyewe, wewe hutakuwa umesema kitu.

Nimerudi nyumbani mwepesi kidogo. Siku nane tu. Na sitalazimika kufungua mdomo!

Jumatano, 14 Mei

Mama naye kaambiwa. Nani kamwambia kuhusu vikombe, sijui. Kijiko, nani mwingine.

Kashusha kikombe cha kaure chenye maua, kile cha harusi yake. Kesho alfajiri atakamua, na ya kumalizia yataingia humo, ndiyo "kikombe cha mtoto". Nikasema, Mama, lakini mtaalamu anataka anachokunywa kweli. Akasema mgeni hapewi ukoko. Neno kwa neno! Nikauliza, na Bonge atakunywa nini? Chake, akasema, kama kawaida, kwani yeye mgeni?

Baba Bonge alikuwa anapiga bango pasi. Hakuinua kichwa, lakini pasi ilisimama sehemu moja mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Neno BORA la mwisho limepata doa la kahawia.

Alhamisi, 15 Mei – saa tano asubuhi

Naandika chumbani. Wananisubiri. Haraka.

Wageni kumi na wawili sebuleni, na Mama kati, kavaa miwani, cheti juu ya kichwa chake. Bwana Mifugo kasimama mlangoni na tai. Mtaalamu wa lishe ni msichana mdogo, mkimya, hajavaa hata hereni. Kimashine chake ni kama redio. Mama kamletea kikombe cha maua kwenye sinia. Akachota kidogo, akabonyeza, kikalia. Kumi nukta moja! Makofi. Mgeni mkubwa akatikisa kichwa kwa raha, akaanza kusema kwamba haya yaandikwe kwenye ripoti ya mwaka.

Yule msichana hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama Bonge.

Bonge alikuwa chini, karibu na mguu wangu. Kikombe chake cha plastiki, cha kijani, kilikuwa kwenye stuli, kimebaki nusu toka asubuhi. Sikukiweka pale kwa makusudi. Sikukiondoa pia. Mtoto akajivuta mpaka kwenye stuli, akasimama kwa kuishika, miguu inatetemeka, akakichukua kwa mikono miwili akaanza kunywa. Mama akacheka kicheko cha wageni. Akainuka upesi, akamnyang'anya, akampelekea cha maua mdomoni. Kunywa chako, mjukuu wangu.

Bonge akageuza uso. Mama akajaribu tena. Akakisukuma, maziwa yakamwagika kwenye kanga ya Mama, na mkono ukanyooka kule kwenye cha kijani, vidole vinakunjuka na kukunjika. Analia bila sauti, siku hizi analia hivyo.

Hakuna aliyecheka tena. Mama akasema mtoto kachanganywa na wageni, hicho ni cha maji ya kusukutulia tu. Msichana akakichukua kile cha kijani, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Unaona mpaka chini, michoro ya kikombe yote. Hakukipima. Akachuchumaa mbele yangu, macho kwa macho, akauliza taratibu lakini wote wakasikia:

"Mama Bonge, mwanao kila siku anakunywa kipi?"

Siku nane nilikuwa nikijiambia sitalazimika kusema. Nikamtazama Bwana Mifugo, akatazama viatu vyake. Nikamtazama Mama. Kwa mara ya kwanza tangu cheti kije nikaona anaogopa. Miwani ilikuwa imeteleza mpaka puani, na hakuirudisha. Alionekana mzee.

Nikasema mtoto kajikojolea, nambadilisha mara moja.

Hajajikojolea, mkavu kabisa. Nimesema uongo mwingine, mbele ya watu kumi na wawili, na mtoto ananing'inia mkononi kama nguo.

Sasa nasikia mazungumzo yanaendelea huko, sauti za kujaza muda. Mgeni mkubwa anauliza mkutano wa hadhara unaanza saa ngapi. Mama anaita: mwanangu, tunakusubiri, kwa ile sauti laini.

Baba Bonge kaingia. Kafunga mlango nyuma yake. Kaniona naandika, hakuuliza naandika nini. Nilidhani atasema, kumbuka ni mama yangu. Kashika mkono wa Bonge, akauzungushia kidole gumba na cha shahada, vikakutana na kupitana, akabaki anavitazama vidole vyake vya ushonaji. Kisha kamchukua mtoto kifuani kwake.

"Nipe mimi nimshike. Wewe nenda kawajibu."

Nikamuuliza, niwajibu nini? Kaupa uso ukuta, anambembeleza mtoto. Mabega yanatikisika. Mikono yangu mitupu, sina tena wa kumbadilisha. Mama ameita mara ya pili, na safari hii kaniita kwa jina langu, si mwanangu. Naweka kalamu, naenda kuwajibu.